Saba Mara Sabini, au Mara Mbili Tu?

Juma lililopita nilipata barua kutoka kwa mama mmoja ambaye sitamtaja jina wala mahali anapoishi. Ni barua fupi, imeandikwa kwa mkono katika karatasi mbili za daftari la shule. Anasema kwamba ndugu yake wa damu ameugawa usharika wao vipande viwili, na sasa hawasalimiani. Akifungua Injili ya Mathayo anamkuta Petro akiuliza amsamehe ndugu yake mara ngapi, naye anajibiwa saba mara sabini. Akifungua waraka wa Paulo kwa Tito anakuta agizo jingine: mtu wa mafarakano aonywe mara ya kwanza, aonywe mara ya pili, kisha akataliwe. Basi, anauliza yule mama, nishike lipi? Je, bado ninazo mara mia nne themanini na nane mkononi, au hesabu imekwisha?

Nilicheka kidogo kwa hesabu yake, kisha nikaacha kucheka. Swali hilo nami niliwahi kulijibu zamani, nikiwa mzee wa kanisa, na jibu nililolitoa halijapata kunipa raha. Nitafika huko. Kwanza, kwa kuwa kipindi hiki ni cha historia wala si cha mahubiri, naomba niwapeleke mahali ambapo swali hili liliulizwa na watu wengi, kwa muda mrefu, na kwa gharama kubwa. Mahali penyewe ni Afrika, sehemu za kaskazini, katika nchi ambazo leo tunaziita Tunisia na Algeria.

Walakini kabla ya safari tuyatazame Maandiko yenyewe. Watu hudhani kwamba amri ya kusamehe na amri ya kukataa ziko mbali mbali, moja ya Bwana mwenyewe na nyingine ya mtume mwenye hasira. Sivyo hata kidogo. Fungueni Mathayo 18. Katika aya ya 15 hadi ya 17 kuna utaratibu mzima: ndugu yako akikukosa, mwendee wewe na yeye peke yenu, asiposikia, chukua mmoja au wawili, asiposikia, liambie kanisa, asilisikie na kanisa, basi awe kwako kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru. Aya nne tu baadaye Petro anauliza swali lake na kupewa ile saba mara sabini. Amri zote mbili ziko katika ukurasa mmoja. Na mtoza ushuru anayetajwa hapo ni mtu wa namna gani? Injili hiyo inaitwa kwa jina la Mathayo, naye katika sura ya 9 aliitwa akiwa ameketi forodhani.

Paulo naye ni vivyo hivyo. Anawaambia Warumi, katika sura ya 16, wawaangalie wale wafanyao fitina na kujiepusha nao. Anawaagiza Wakorintho wamwondoe kati yao mtu aliyekuwa akiishi na mke wa baba yake. Kisha katika waraka wa pili, sura ya 2, anawasihi Wakorintho hao hao wamsamehe na kumfariji mtu waliyemwadhibu, asije akamezwa na huzuni. Wataalamu wanabishana kama ni mtu yule yule au ni mwingine. Kwangu mimi jambo si hilo. Mkono ulioandika fukuza ndio ulioandika mrudisheni.

Na lile neno la Tito 3:10? Biblia yetu ya Kiswahili iliyozoeleka inamwita mtu huyo mzushi. Ukimwita mtu mzushi leo, watu huelewa kwamba anatunga uongo. Lakini neno la Kigiriki lililoko pale limetokana na kitenzi cha kuchagua. Ni mtu aliyejichagulia upande wake na kuwavuta wengine waufuate. Kumbe hata msema kweli aweza kuwa mtu huyo, akiifanya kweli yake kuwa bendera ya kundi. Naomba mlishike hilo, maana huko tunakokwenda kila upande ulidai kwamba kweli ni yake.

Sasa twende Karthago, karibu na Tunis ya leo, mwaka 250. Kaisari Decius ameamuru kila mtu aitolee sadaka miungu ya Dola na kupewa cheti cha kuthibitisha hivyo. Vyeti vya namna hiyo vimechimbuliwa kule Misri, vingine vinasomeka hadi leo. Wakristo wengi walitii. Wengine waliwahonga maofisa, wakapata cheti bila ya kutoa sadaka. Dhiki ilipopoa wote hao walitaka kurudi kundini. Askofu wa Karthago, Cyprianus, alijikuta kati ya moto miwili: huku watu waliotaka wote wapokewe upesi bila masharti, huku wengine, wenzake Novatianus wa Roma, waliosema aliyemkana Kristo asirudi kamwe. Cyprianus alichukua njia ya katikati. Walioanguka watubu, kila mmoja apimwe kwa kadiri ya kosa lake, na mlango usifungwe. Mwaka 258 yeye mwenyewe alikatwa kichwa kwa ajili ya imani yake, na tangu siku hiyo kila Mkristo wa Afrika Kaskazini, wa upande wowote, alidai kuwa mrithi wake.

Miaka 45 ilipita. Tarehe 23 Februari 303 Kaisari Diocletianus alianza kuwatesa Wakristo upya, na safari hii alilenga vitabu. Makanisa yabomolewe, Maandiko yachomwe moto. Kwa Kilatini kukabidhi ni tradere, na wale waliotoa vitabu wakaitwa traditores, yaani wakabidhi. Lugha za Ulaya zimepata humo neno lao la msaliti.

Tunajua siku moja ya msako huo karibu saa kwa saa. Ni tarehe 19 Mei 303, katika mji wa Cirta, ambao leo unaitwa Constantine, nchini Algeria. Mkuu wa mji anafika kwenye nyumba ya ibada pamoja na karani wake, na karani anaandika kila kinachotolewa: vikombe 2 vya dhahabu, vikombe 6 vya fedha, taa, kanzu 82 za kike, jozi 47 za viatu vya kike. Hizo nguo nadhani zilikuwa akiba ya wajane na maskini, maana sijui askofu angefanya nini na jozi 47 za viatu vya akina mama. Askofu amekaa, anatazama. Shemasi mdogo mmoja, jina lake Silvanus, anatoa kijisanduku cha fedha na taa ya fedha, anasema amevikuta nyuma ya mtungi. Wenzake wawili wanapotakiwa kutaja nyumba za wasomaji wa kanisa, ambako vitabu vimefichwa, wanajibu kwamba wao si wasaliti, wanakamatwa. Wengine wanazitaja. Msako unakwenda nyumba kwa nyumba. Katika nyumba moja msomaji hayupo, mkewe anatoa vitabu sita. Karani anaandika.

Mkumbukeni huyo Silvanus.

Yapata mwaka 311 askofu wa Karthago alifariki, na shemasi wake Caecilianus akachaguliwa kushika nafasi yake. Maaskofu wa Numidia, kama 70 hivi, walikuja wakiwa na hasira kwa kuwa hawakungojwa. Wakasema mmoja wa waliomwekea Caecilianus mikono, Felix wa Aptunga, alikuwa mkabidhi. Kwa hiyo mikono yake ni michafu, na uaskofu alioutoa si kitu. Palikuwa pia na mama mmoja tajiri, Lucilla, ambaye Caecilianus alipata kumkemea kwa desturi yake ya kuubusu mfupa wa mtu aliyemwita shahidi kabla ya kupokea komunyo. Lucilla hakusahau. Maaskofu wale wakamtangaza askofu mwingine, Majorinus, msomaji aliyekuwa mtu wa nyumba ya Lucilla. Majorinus hakudumu, na aliyemfuata ndiye Donatus, ambaye kundi lote likaitwa kwa jina lake. Hivyo Karthago ikawa na maaskofu wawili, na muda si muda karibu kila mji ukawa na wawili, na makanisa mawili, huku Zaburi zikiwa zile zile.

Mnaona tulipofika? Waliosema tusiwasamehe waliowasaliti ndugu zao, sasa ndio wamekuwa watu wa kugawa. Na wanaowakataza kugawa wanawaambia: nyinyi ndio wazushi wa Tito. Nao wanajibu: hapana, sisi tumemkataa mtu mwovu kama Paulo alivyoagiza. Kila mmoja ameshika aya yake.

Hukumu zilitoka moja baada ya nyingine, nami nitazipita haraka. Roma, mwaka 313: Caecilianus hana hatia. Arles, huko Ufaransa ya leo, mwaka 314: hana hatia. Felix naye alichunguzwa na serikali, akaonekana hakukabidhi kitu. Kaisari Konstantino akakubali, akatumia askari, akaona haifai, na mwaka 321 akawaacha. Hayo yote hayakubadilisha lolote. Jambo lililowaumbua watu lilitoka kwingine, tena kwa njia ya kusikitisha.

Silvanus, yule wa taa nyuma ya mtungi, alikuwa sasa askofu wa Cirta, tena wa upande wa Donatus, upande uliojivunia mikono safi. Aligombana na shemasi wake aliyeitwa Nundinarius, akamtenga. Shemasi akawaendea maaskofu wengine wa upande huo huo, akawaomba wawapatanishe. Wakamwandikia Silvanus barua za kumsihi amalize jambo hili kimya kimya, amani irudi. Akakataa. Nundinarius alipoona mlango umefungwa, akazipeleka hati kwa liwali Zenophilus, na mwezi Desemba mwaka 320 kumbukumbu za karani wa Cirta zikasomwa mahakamani, pamoja na kile kijisanduku na taa yake. Kama Silvanus angemsamehe shemasi mmoja, huenda hata mimi leo nisingejua kwamba alikabidhi. Wahenga walisema nyani haoni kundule.

Tena kuna kumbukumbu nyingine, ambayo Wakatoliki waliitoa baadaye na Wadonatus wakaikana, juu ya mkutano wa maaskofu huko Cirta miaka michache baada ya msako. Inasema kwamba mwenyekiti alianza kuwauliza wenzake mmoja mmoja kama walikabidhi vitabu, na baadhi wakakiri. Ilipoonekana kwamba uchunguzi ukiendelea utawagawa, wakaafikiana kumwachia Mungu hukumu, wakaketi. Ikiwa habari hii ni ya kweli, na mimi naelekea kuiamini, basi watu waliosameheana chumbani Cirta ndio waliosema Karthago kwamba dhambi hiyo haisameheki. Walijua kusamehe. Walichagua wa kumsamehe.

Nisije nikaonekana nimewaonea Wadonatus. Walikuwa kanisa la watu wengi, wanyenyekevu wengi, na mashahidi wa kweli. Mwaka 347 serikali ilipeleka wajumbe wake na fedha za sadaka, nyuma yao askari, na watu wakauawa. Kwa miaka mingi baadaye jina la mjumbe mmoja, Macarius, lilikuwa tusi katika vijiji vya Numidia. Donatus mwenyewe alifia uhamishoni. Upande wao nao walikuwapo wenye marungu, waliowavamia mapadri na kuwaumiza. Damu ilimwagika pande zote mbili.

Ndipo anakuja Augustino, aliyekuwa askofu wa Hippo, mji ambao sasa ni Annaba. Alipoanza kazi, Wadonatus walikuwa wengi kuliko watu wake. Mwanzoni aliamini kwamba mtu asilazimishwe kuingia katika umoja. Tuongee, tuandikiane, tuhojiane. Silaha yake kubwa ilikuwa ule mfano wa Mathayo 13, wa ngano na magugu. Acheni vyote vikue hadi mavuno, maana ukiyang'oa magugu utang'oa na ngano. Wadonatus hawakuwa wajinga. Walimjibu kwamba Bwana mwenyewe alieleza kuwa shamba ni ulimwengu, hakusema ni kanisa. Jibu hilo lina nguvu. Someni aya ya 38.

Mwezi Juni mwaka 411, kwa amri ya Kaisari, pande zote mbili zilikutana Karthago katika bafu kubwa la mji. Maaskofu 286 wa upande wa Wakatoliki, na wa upande wa pili pungufu kidogo tu. Mwenyekiti alikuwa ofisa wa serikali, Marcellinus, Mkristo, rafiki wa Augustino. Akawaomba wote waketi. Wadonatus wakakataa kuketi na watu waovu, kama Zaburi inavyomsifu asiyeketi nao. Basi Marcellinus naye akakataa kiti, akasimama. Hebu fikirini ukumbi huo wa Afrika, joto la Juni, wazee wa kanisa wamesimama kutwa nzima kwa sababu ya aya moja.

Lakini kabla ya mkutano Wakatoliki walikuwa wameandika ahadi ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo kitu kizuri kuliko vyote katika habari hii nzima. Walisema: tukishindwa tutaacha viti vyetu, tukishinda, tutagawana viti na ninyi, maaskofu wawili katika mji mmoja, hadi mmoja atakapofariki, na waumini wasipopenda kuwa na wawili, wote wawili tujiuzulu wachague mwingine. Hapo nilipoisoma mara ya kwanza nilisema, naam, hapa amri mbili zimekutana.

Marcellinus akawapa Wakatoliki ushindi. Mwezi Januari mwaka 412 ikatoka sheria: Wadonatus watozwe faini kwa kadiri ya vyeo vyao, makasisi wao wapelekwe uhamishoni, majengo yao yakabidhiwe kwa Wakatoliki. Askofu aliyekubali kuingia aliweza kubaki na cheo chake, kama ahadi ilivyosema. Asiyekubali alikutana na askari. Na Augustino, ambaye kabla ya mkutano huo alikuwa amekwisha kubadili mawazo, akaitetea hali hiyo kwa mfano wa karamu katika Luka 14, pale mtumwa anapoambiwa awashurutishe watu waingie. Ushahidi wake ulikuwa kwamba mji wake wa kuzaliwa ulirudi katika umoja kwa hofu ya sheria, na sasa unafurahi. Haukuwa uongo. Ila mimi nikisoma hapo huwa nafunga kitabu kwa muda. Paulo alimwambia Tito mkatae. Hakumwambia mwite askari. Na Luka alikuwa akisimulia chakula cha jioni.

Nimtendee haki Augustino pia. Wadonatus wenye marungu walipomwua padri mmoja na kumkata mwingine kidole na kumtoa jicho, na wauaji wakakiri, ni Augustino aliyemwandikia Marcellinus kumsihi asiwaue, wala asiwalipize kiungo kwa kiungo. Watu hao walikuwa wameua watu wake mwenyewe.

Mwaka 418 alisafiri hadi Kaisaria ya Mauretania, akamkuta Emeritus, mmoja wa wasemaji wa Wadonatus wa mwaka 411, aliyekuwa amepoteza kanisa lake. Wakaingia kanisani pamoja, watu wamejaa. Augustino akamkaribisha aseme. Emeritus akajibu kwamba kumbukumbu za mkutano zinaonyesha kama alishindwa na ukweli au alilemewa na mamlaka. Baada ya hapo akanyamaza, akamwacha mshindi ahubiri. Miaka 12 baadaye Augustino alifariki Hippo, mji ukiwa umezingirwa na Wavandali. Na Wadonatus? Karibu miaka 180 baada ya sheria ya kuwafuta, Papa Gregorio wa Kwanza alikuwa bado akiandika barua kulalamika juu yao.

Sasa niseme langu, maana niliahidi. Miaka mingi iliyopita, katika usharika wetu, mwalimu mmoja wa kwaya aligombana na mchungaji juu ya fedha za vyombo vya muziki. Nusu ya kwaya ikamfuata, wakawa wanasali nyumbani kwake. Baraza la wazee lilikaa. Mimi nilikuwa katibu. Tuliisoma Tito 3:10, tukahesabu: onyo la kwanza, onyo la pili, tumetimiza. Tukamtenga. Kitabu cha kumbukumbu kina mwandiko wangu, na neno mkaidi nililiandika mimi. Alifariki mwaka wa nne. Alizikwa na jamaa zake na kengele ya kanisa haikugongwa. Ndipo siku moja nikakifungua kile kitabu kutafuta jambo jingine kabisa, nikaona kwamba maonyo yote mawili yalikuwa barua, zimepigwa mhuri, zimepelekwa na kijana wa ofisi. Nyumba yake ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka kanisani. Katika sisi wazee tisa hakuna aliyekwenda.

Juu ya zile fedha, mpaka leo naamini kwamba yeye ndiye aliyekosea. Na watu wa kugawa wapo. Nimewaona wakila kwa njia hiyo, na sitamwambia mama yule kwamba ndugu yake lazima awe mtu mwema. Yaweza kuwa kwamba baada ya yote atalazimika kuondoka na kumwacha.

Nimemjibu barua yake. Sikumwandikia habari za Karthago, hizo nimewawekea nyinyi. Nimemwuliza tu kama alikwisha kwenda kwa ndugu yake, yeye mwenyewe kwa miguu yake, wawili peke yao, kabla ya mchungaji na kabla ya baraza. Jibu bado sijalipata. Kwa leo naishia hapo. Juma lijalo, Mungu akipenda, nitarudi kwenye habari za Wavandali, ambao leo nimewagusa kwa haraka.